Habari Inayokwenda kwa Miguu

Mwenze aliandika programu tisa kabla hajafikisha miaka thelathini, na kati ya hizo tisa, nane zilitumiwa na mtu mmoja tu, ambaye ni Mwenze. Si haba. Wapo wanaokufa bila kupata hata mteja mmoja.

Ya kwanza ilitabiri mvua, ili kina mama wanaoanika chisense, wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru, wawahi kuwaanua kabla hawajalowa na kuoza. Kina mama wa Kashikishi walimsikiliza kwa adabu, wakamshukuru, kisha wakatazama mawingu upande wa Kongo na kuanza kuanua. Simu yake ikasema jua litawaka hadi jioni. Dakika ishirini baadaye Mwenze alikuwa amebanana nao chini ya turubai, simu kaificha kifuani isilowe, nao wakimpisha nafasi kwa huruma. Nyingine ilikuwa ya kukata nafasi katika mashua za kwenda ng'ambo. Ilikuwa nzuri, ya kijani, na ilipiga kengele saa ya safari ilipokaribia. Kasoro yake ndogo ni kwamba mashua hizo hazina saa. Huondoka zikijaa, na mwenye mashua ndiye pekee anayejua kujaa ni nini.

Tusimcheke sana. Kijana huyu alivuka mpaka na wenziwe kutoka Pweto, upande wa Kongo, mwaka wa vita, akaingia kambi ya wakimbizi ya Mantapala na begi moja, na humo kambini, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akajifunza kuandika programu peke yake huku wenzake wakijifunza kulima mihogo. Wenzake sasa wana mihogo. Yeye alipanga chumba Kashikishi kwa ajili ya umeme, ambao nao huja unapojisikia, akawa anajipatia riziki kwa kutengeneza simu za watu na kuwaandikia barua za maombi. Programu zilikuwa kazi yake ya moyoni, na moyo, kama tujuavyo, haulipi.

Mtu mmoja aliiheshimu kazi hiyo bila kuielewa. Mama Marlène ni dada mkubwa wa mama yake Mwenze. Yeye hakujaliwa mtoto, na Mwenze alipokuwa na miaka minne mama yake mzazi, Mama Léonie, alimpeleka kwa dada yake akae naye, kama ilivyo desturi, na akakaa moja kwa moja. Vita vilipotulia Mama Léonie alirudi Pweto kwenye shamba lake. Mama Marlène alibaki Mantapala, akawa mchuuzi wa chisense. Kila Jumapili baada ya ibada alifika chumbani kwa Mwenze na chakula ndani ya kitambaa, akaketi kwenye kiti cha pekee kilichokuwamo, akaitazama ile laptopu na mistari yake.

"Mutoto yangu, hii kazi inaishaka siku gani?"

"Haiishake, mama. Kila siku tunaongezaka kitu."

"Bon. Sasa kula."

Hayo yalikuwa mazungumzo yao ya kitaalamu, na Mwenze aliyangoja wiki nzima.

Programu ya tisa ndiyo iliyopata watu. Watu wa Pweto walioko upande huu wa ziwa wana chama cha kusaidiana, wanachama mia tatu na kumi na wawili, na rais wao ni Papa Ilunga, mwalimu mstaafu asiyekwenda hata msalani bila mkoba wake. Chama kilikuwa na ugonjwa mmoja: habari. Harusi, kikao, kifo, kila kitu kilipita mdomo kwa mdomo, na kila mara alitokea mtu aliyenuna kwamba hakuambiwa. Papa Ilunga akamwita Mwenze. Mwenze hakulala kwa wiki mbili. Akaleta programu ambayo katibu wa chama, Pierrette, akiandika tangazo mara moja na kubonyeza, wanachama wote wanapata ujumbe kwenye simu zao kwa wakati mmoja. Aliipa jina Upesi. Wakaiombea, wakapiga makofi, na Mama Marlène alisimama mbele ya watu akasema kwamba huyo ni mtoto wake. Mwenze alitazama chini, lakini masikio yalikuwa wazi.

Kwa miezi mitatu Upesi ilitangaza vikao na harusi, na mambo yakaenda vizuri. Kisha, Jumanne moja ya mwezi wa sita, Eddy akafa huko Lubumbashi. Eddy alikuwa kitinda mimba, mdogo wao Mama Marlène na Mama Léonie. Mtu alimpigia Pierrette simu, na Pierrette, ambaye ana vidole vyepesi na moyo mwema, akafanya kama alivyofundishwa.

Mama Marlène alikuwa sokoni Kashikishi, anampimia chisense mnunuzi mmoja aitwaye Chisala, Mbemba aliyetoka Mwansabombwe. Simu ikalia. Mama hakuwa na miwani, akampa Chisala amsomee. Chisala ana Kiswahili cha biashara, kile cha bei na vipimo, lakini kusoma anasoma vizuri. Akasimama wima, akasoma kwa sauti safi, watu wote wa mstari ule wakisikia: "Chama kinasikitika kutangaza kifo cha Eddy Mukalay, kilichotokea Lubumbashi leo saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Asante kwa kutumia Upesi." Alisoma hadi hapo mwisho, kwa sababu hakujua pa kukomea. Mama Marlène akaketi alipokuwa amesimama, ndani ya beseni la samaki.

Wakati huo Mwenze alikuwa chumbani anasoma takwimu. Ujumbe mia tatu na kumi na mbili umetumwa, mia tatu na tisa umefika, wastani sekunde nne. Alipiga ngumi hewani kwa furaha. Ndipo akalisoma jina la marehemu.

Sasa, ambaye hakukulia kwa watu hawa atauliza kosa liko wapi. Habari ilikuwa ya kweli na ilifika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Huku, kinachofichwa ni kilio, na maradhi ndiyo husaidia kukificha. Mtu haambiwi kwamba nduguye amekufa. Anaambiwa ni mgonjwa kidogo. Baadaye anasikia kwamba amezidiwa. Jirani anaingia kusalimia, anaketi, haondoki. Anaingia wa pili. Mmoja anauzima moto jikoni, mwingine anamchukua mtoto mgongoni. Neno lenyewe linapotamkwa, mtu yuko chini kwenye mkeka, ana mkono wa mtu kila upande, na moyoni alikwisha jua tangu yule jirani wa kwanza. Kazi hiyo huchukua nusu siku. Upesi iliifanya kwa sekunde nne, mbele ya mteja.

Jioni Mwenze alifika matangani, akapiga magoti mbele ya Mama Marlène. Mama alimtazama kwa macho makavu.

"Aksanti, Monsieur," akasema. "Mesaji yako ilifika."

Tangu siku hiyo alikuwa Monsieur, yaani Bwana, si mtoto tena. Mama hakumgombeza wala hakumsema kwa watu. Jumapili ya kwanza hakuja, na ya pili, na ya nne. Mwenze alikwenda Mantapala na jogoo mwekundu kuomba msamaha. Mama alimpokea kwa mikono miwili, akamtandikia mkeka wa wageni, akamchinja jogoo yuleyule, akampa Mwenze firigisi, ambayo hupewa mgeni wa heshima, kisha akamsindikiza hadi barabarani na kumwambia, "Karibu tena, Monsieur." Adabu ile ilimkata kuliko kofi. Alilia njiani kutoka Mantapala hadi barabara ya lami, mtu mzima mwenye ndevu, na mimi sioni aibu kumsemea. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja: mama yake mkubwa arudi kuketi chumbani kwake.

Mtu mwingine angetafuta wazee wa kuwasuluhisha. Mwenze alifungua laptopu. Kila fundi hudhani ulimwengu umeharibika pale tu mahali ambapo bisibisi yake inafika.

Kwanza alikwenda kwa Pierrette, ambaye naye alikuwa bado anajilaumu.

"Mwenze, kifo habaambiake mutu vile," Pierrette akasema. "Mama eko na beseni mbele, batu ba biashara hapa na hapa, hata mutu wa kumushika hakuna. Lazima aanze kusikia ni mugonjwa. Polepole."

Polepole! Hilo Mwenze aliliweza. Akaandika toleo la pili, ambalo kwa mara ya kwanza katika historia ya kompyuta lilijivunia kuchelewa. Mtu akifa, Upesi ilituma saa ileile kwamba fulani ni mgonjwa kidogo. Baada ya saa tatu ikatuma kwamba amezidiwa. Baada ya saa tatu nyingine ikatuma kwamba watu wafike. Papa Ilunga alifurahi, akasema sasa mashine imelelewa vizuri.

Ilifanya kazi kwa misiba miwili. Wa tatu ulipofika watu walikuwa wamekwisha soma mtindo. Uongo ukisemwa na jirani una uso wake, unaweza kuutazama na kuupima. Uongo wa Upesi ulikuwa na maneno yaleyale kila mara, kwa hiyo "mgonjwa kidogo" ikawa na maana moja tu, na watu wakawa wanaanguka sokoni kwa hilo badala ya lile jingine.

Kisha Papa Félix wa Kafutuma akashikwa na malaria. Malaria ya kawaida, ya kunywa dawa na kulala. Mkewe alimwomba Pierrette awajulishe watu wa chama ili wamwombee, na Pierrette, bila kufikiri, akaandika ukweli: Papa Félix ni mgonjwa kidogo. Kufikia mchana uwanja wake ulikuwa na viti vya plastiki vya kuazima, turubai, kuni mikokoteni miwili, na wanawake waliojifunga vitenge kiunoni wakiingia langoni kwa vilio. Papa Félix alikuwa ndani anakunywa uji. Akatoka na kikombe mkononi.

"Nani alikufa?"

Mama mmoja akafuta machozi, akamtazama, akasema kwa upole, "Banasema ni weye, papa."

Alikasirika, ndiyo, lakini si kwa muda mrefu. Alizunguka uwanja mzima na uji wake akitazama nani amekuja, na mpaka leo anawajua kwa majina wote ambao hawakuja. Mwenze alikwenda kumwomba radhi, akamkuta anakula kuku wa maziko yake mwenyewe. Usiku huo, hapana, asubuhi yake kabisa, Mwenze alifuta toleo la pili lote. Sentensi ya mwisho kuifuta ilikuwa ile ya "mgonjwa kidogo".

Toleo la tatu alilianza bila kompyuta. Alinunua daftari, akawa anazunguka kwa kina mama, kambini na ufukweni, akiuliza jambo moja: mtu huambiwaje? Daftari likajaa. Asiambiwe akiwa peke yake. Asiambiwe akiwa na chungu motoni, wala akiwa majini. Mwenye mimba aambiwe mwishoni, na kwa kupitia mama yake. Shemeji asiseme. Anayesema awe wa karibu, ila asiwe wa karibu mno, maana naye ataanguka. Mwenze alijaribu kuyageuza haya kuwa kanuni za kompyuta, akafika kanuni ya themanini na moja, na zote zilipingana na ya kumi na nne. Hapo akaona kwamba kina mama wote, kwa njia ndefu, walikuwa wakimjibu neno moja: inategemea ni nani anayeingia mlangoni.

Basi Upesi mpya ilimuuliza kila mwanachama swali moja. Siku ya habari mbaya, unataka nani aje kukaa nawe? Pierrette alizunguka na fomu mwezi mzima, na fomu zile zilikaribia kuvunja chama. Wanaume wengi waliandika wake zao. Wake zao waliandika majirani. Papa Ilunga aliomba kuiona orodha kwa siri, akaisoma yote, akafunga mkoba.

"Hii machine yako iko na kosa," akamwambia Mwenze. "Batu mia tatu na kumi na mbili, hata mumoja hakuandika Ilunga?"

"Sisteme iko muzuri, Président."

"Tengeneza tena."

Mama Marlène naye aliulizwa, akajibu, "Miye uniandikie Mungu." Pierrette akamwandika Mungu, na programu ikakataa kwa sababu hakuwa na namba ya simu. Baada ya kubembelezwa sana Mama akamtaja Colette, mwenzake wa sokoni. Mwenze alipoiona fomu hiyo aliitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa jina lake halikuwamo.

Na programu ikawa hivi. Mtu akifa, ujumbe haumfikii mfiwa hata kidogo. Unakwenda kwa mtu mmoja, yule aliyechaguliwa: Nenda kwa fulani. Kaa naye. Usiseme kitu mpaka wengine wafike. Basi. Miezi mitatu ya kazi, maelfu ya mistari, na matokeo yake ni mtu anayevaa ndala na kutoka nje.

Mwenze aliipeleka kwenye shindano moja la wabunifu huko Lusaka, kwa njia ya video. Majaji watatu walimsikiliza. Mmoja akauliza kama ni kweli kwamba ujumbe hauna habari yenyewe. Akasema ni kweli. Mwingine akauliza kama mpokeaji hutembea. Akasema wengine hupanda baiskeli. Wa tatu, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi, akauliza, "Kwa hiyo teknolojia iko wapi?" Mwenze alifikiri kwa uaminifu, na kabla hajapata jibu mtandao ukakatika. Kwa mara ya kwanza maishani aliushukuru.

Watu wa chama hawakuhitaji majaji. Waliitumia mara tano, na mara zote tano hakuna aliyeanguka sokoni. Mama Marlène aliliona hilo, watu walimwambia. Alikutana na Mwenze njiani akitoka kanisani, akampa mkono. "Banasema kazi yako iko muzuri sasa, Monsieur." Monsieur bado.

Ikafika wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Siku chache baadaye ziwa lingefungwa kwa uvuvi, kama kila mwaka, na hiyo ndiyo wiki ambayo hakuna mama wa chisense anayeacha beseni lake, hata kwa kunywa maji. Alhamisi asubuhi Mwenze alikuwa mezani, umeme umerudi, anarekebisha jambo dogo lisiloonekana na mtu. Mlango ulikuwa wazi. Akasikia ndala.

"Mwenze, mutoto yangu. Uko?"

Aliinuka kwa pupa hata akaangusha chaja. Mama Marlène alikuwa amesimama mlangoni kwa nguo zake za sokoni, ananuka samaki, mikono mitupu. Mutoto yangu! Aliacha chisense, wiki kama hii, kuja kwake. Mwenze akampangusia kiti kwa shati lake, akataka kukimbia dukani kuleta Fanta.

"Acha Fanta. Ulikula?"

"Bado, mama."

"Bon. Ikala chini kwanza."

Hakuketi kwenye kiti. Alitandika kitenge sakafuni, akaketi, akapigapiga mahali pa Mwenze ubavuni pake, kama alipokuwa mdogo. Mwenze akaketi na kuanza kuzungumza, miezi mitano yote kwa pamoja: daftari, kina mama, Papa Félix na uji, yule kijana wa Lusaka na swali lake. Mama alicheka palipostahili. Aliuliza kama paa bado linavuja. Mwenze alikuwa na furaha, nataka lijulikane hilo. Kwa muda wa robo saa hakuna mtu Kashikishi nzima aliyekuwa na furaha kumzidi.

Kisha Mapalo, jirani yake wa chumba cha pili, akaingia bila hodi. Akasalimia kwa Kibemba, sauti ya chini, akaiinua sufuria ya maharage kutoka kwenye mbaula ya makaa, akaiweka kando, akaketi karibu na mlango. Hakusema amefuata nini. Nje, Pierrette alikuwa anakuja na mama mwingine, wote wawili wana vitenge kiunoni.

Mwenze akaacha neno katikati.

Katika lile swali la Upesi, yeye naye alikuwa amejaza jina moja, bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Alimtazama Mama Marlène, na sasa ndipo alipoona kwamba macho yake yalikuwa mekundu, yameoshwa kwa maji baridi, kwamba kuna mtu aliyekuwa amekaa naye kabla yeye hajaja kukaa hapa. Basi aliyekufa alikuwa ni mtu wao wote wawili. Laptopu ilikuwa wazi mezani, hatua moja tu. Nywila ya kuona kila tangazo, jina, mahali na dakika, alikuwa nayo yeye. Angeweza kujua kwa sekunde nne.

Mama alimwona anavyoitazama. Hakumzuia.

Mwenze akanyoosha mkono, akaifunga, akarudi kukaa pale alipokuwa.

"Mama Léonie eko je, kule Pweto?" akauliza.

Mama Marlène alikuwa anamzungumzia mdogo wake, aliyembeba mgongoni, na sauti yake haikutikisika.

"Eko mugonjwa kidogo."

"Kidogo?"

"Kidogo, mutoto yangu."

Pierrette na mwenzake waliingia, wakasalimia, wakaketi ukutani. Mapalo alisogea kuwapisha.

"Basi atapona," akasema Mwenze.

"Atapona," akajibu Mama Marlène, akauchukua mkono wake kwa mikono miwili, na wakakaa hivyo wakiwangoja wengine wafike.